Doa Lililokuwa Manyoya

Kila asubuhi baba hupasua na binti husugua. Baba hugonga tindo ubavuni mwa jiwe, nalo hufunguka kama daftari. Binti hupokea mabamba na kuyasugua kwa brashi ya waya mpaka yang'ae. Wanunuzi wa mawe ya sakafu hawataki doa.

Siku ile jiwe lilifunguka, na binti akaweka brashi chini.

"Baba, ngoja. Kuna kitu."

Ndani ya jiwe alilala mnyama mdogo kama kuku. Ilibaki mifupa tu. Alikuwa na meno. Kila bawa lilikuwa na kucha tatu, na mkia wake ulikuwa mrefu kama wa mjusi. Kuizunguka mifupa kulikuwa na doa jeusi kama masizi.

"Kuku mwenye meno!" baba akacheka. "Huyu angemla mchinjaji."

"Doa lina mistari, baba. Kama manyoya."

"Doa ni doa. Lete brashi."

"Baba, tafadhali." Akamshika mkono.

Baba akautoa mkono ule, akachukua brashi, akasugua mwenyewe. Mifupa iling'aa. Doa likaisha. Bamba la pili, lililokuwa limefunika lile la kwanza, akalipondaponda likawa kokoto.

Habari za kuku mwenye meno zilienea. Wiki iliyofuata akaja mama mmoja, mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Alipoliona bamba alipiga magoti kwa furaha. Kisha uso wake ukabadilika.

"Hapa hapakuwa na doa jeusi?"

"Lilikuwepo," baba akajibu.

"Basi hilo doa ndilo lililokuwa manyoya yake. Huyu ni dinosaria mdogo, mwenye manyoya kama ndege. Mifupa ya namna hii tunayo. Manyoya ndiyo tuliyoyatafuta miaka yote. Na bamba la pili?"

"Kokoto."

"Nani alisugua?"

Baba alitazama viatu vyake. "Kusugua ni kazi ya binti yangu."

Haikuwa uongo. Haikuwa kweli pia. Angemwaibishaje baba yake mbele ya mgeni?

Tangu siku ile wapasuaji wenzao machimboni walimwita binti Brashi. "Brashi, pita mbali, usije ukanifuta masharubu!" Baba alisikia. Aliendelea kugonga.

Mtaalamu hakuwagombeza. Aliketi nao wakati wa mapumziko.

"Hapa tulipokaa palikuwa ziwa," alisema. "Mnyama yule aliishi ukingoni, akiwinda kereng'ende na mijusi. Mlima wa moto ulipotema majivu, yakaanguka ziwani, tabaka juu ya tabaka. Samaki, majani, wadudu, vyote vikafunikwa upesi kabla ya kuoza. Kwa hiyo mkiona doa, msisugue, msioshe. Wekeni mabamba yote mawili pamoja. Yafungeni kwa magazeti. Andikeni mlipoyatoa, kisha mniite."

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja tindo la baba lilifungua jiwe jingine, na ndani mlikuwa na doa. Baba aliweka nyundo chini. Binti alileta magazeti, akafunga mabamba yote mawili.

Mtaalamu alikuja na kioo chake cha kukuzia. Wapasuaji wakamzunguka. Safari hii manyoya ya mkia yalionekana yote, moja moja.

"Kwani leo Brashi aliumwa?" mmoja akauliza. Watu wakaangua kicheko.

Mtaalamu akatabasamu. "Umejifunza, binti. Safari hii hukusugua."

Binti aliinamisha kichwa. Alikunja ncha ya gazeti, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hata safari ile hakusugua," baba akasema.

Kicheko kikakatika.

"Msimwite Brashi tena. Brashi ilikuwa mkononi mwangu. Yeye alinishika mkono akaniambia, 'Baba, tafadhali.' Nilisugua mimi."