Aliyeonekana Bila Waya

Jumanne ile nilikuwa kwa dada yangu, nimejilaza kwenye kochi kama ilivyo kawaida ya kaka asiye na kazi. Dada hupokea simu za wateja wa bima akiwa nyumbani, kompyuta yake imechomekwa waya moja kwa moja kwenye ruta ya intaneti pale sebuleni. Mwanawe, wakati huo wa mwaka na nusu, alikuwa akilala mchana chumba cha ndani, na juu ya kabati kulikuwa na kamera ndogo iliyomrushia dada picha ya mtoto kwenye simu kwa Wi-Fi. Hivyo ndivyo alivyomudu kazi na malezi kwa wakati mmoja.

Shida ilikuwa ile picha. Mtoto anaonekana amelala chali, dakika nzima yuko vilevile, kisha ghafla yuko ubavu. Kompyuta yenye waya inakimbia, Wi-Fi inatambaa. "Mwanangu akipatwa na kitu," dada aliniambia, "nitakiona kimeshapita." Nilimcheka, nikamwambia ana roho ya kuku mwenye kifaranga kimoja. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Akaitwa fundi tuliyemzoea kwa jina la Taratibu, maana hapimi kitu mara moja akaridhika. Alipima waya, spidi safi. Akapima Wi-Fi sebuleni, safi vilevile. Alipovuka mlango wa chumba cha mtoto, namba zikaporomoka. Akarudi nyuma, zikapanda. Akaingia tena, zikashuka. Aliuliza kama humo mna tangi la maji au kioo kikubwa. Hapakuwa na kitu zaidi ya kitanda, kabati na mtoto aliyelala. Akatueleza kwamba mawimbi hayapendi maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Chumba kikifurika watu, Wi-Fi inadhoofu.

"Humu mmewaficha wangapi?" alitania.

Hatukucheka.

Taratibu huamini kulinganisha. Alivuta waya mrefu kutoka kwenye ruta hadi kwenye kamera, ambayo ilikubali njia zote mbili kwa pamoja. Picha ya waya ikaja kwenye kompyuta, ya Wi-Fi ikabaki kwenye simu. Akaziweka mezani ubavu kwa ubavu, nasi tukasogea.

Kwenye kompyuta, mtoto amelala peke yake.

Kwenye simu, mtoto amelala, na ukingoni mwa kitanda ameketi mwanamke aliyetugeuzia mgongo. Mkono wake uko kifuani pa mtoto.

Fundi alipangusa kioo cha simu kwa kidole gumba. Akapangusa tena. Akanong'ona kwamba ni picha ya zamani, imekwama. Lakini saa iliyo pembeni ya picha ilikuwa ikihesabu sekunde. Mwanamke akaanza kugeuza shingo. Polepole.

Dada alikuwa ameshafika chumbani kabla sijainuka. Kwenye kompyuta nilimwona akimnyakua mwanawe katika chumba kitupu. Kwenye simu alimpita yule mwanamke bega kwa bega.

Hapo ndipo tulipokosea. Taratibu alifanya ambalo fundi yeyote angelifanya: njia mbovu unaifunga, unabaki na nzima. Akazima Wi-Fi, kamera ikabaki na waya wake. Picha ikawa safi, haikwami, wala kitandani hapakuwa na mtu. Dada alisita siku nzima, kisha akamrudisha mtoto chumbani kwake, nami ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia yamekwisha.

Siku ya tatu, saa nane mchana, aliniita kwa sauti isiyotoka vizuri. Kwenye ile picha safi mtoto alikuwa katikati ya kitanda. Ukingo wa godoro ukaanza kubonyea. Hakuna aliyeketi. Mtoto, amefumba macho, akajisogeza ukutani. Alikuwa anampisha.

"Hatukumfukuza," dada alinong'ona. "Tumejifumba macho tu."

Walihama wiki hiyohiyo. Nyumba nyingine, kitanda kipya, godoro jipya. Mpwa wangu sasa ana miaka minne, mzima wa afya, anakula na kucheza kama watoto wote. Ila akilala hujibana ukutani, na mama yake hathubutu kumuuliza.

Juzi mchana niliachiwa nimlaze. Nikamwambia ajinyooshe, kitanda chote ni chake. Akatikisa kichwa. Nikaketi ukingoni ili nimfunike, na shuka pale nilipoketi lilikuwa na joto.

"Mjomba," alininong'oneza, "umemkalia."

Nikaruka hadi mlangoni. Nikageuka kulitazama godoro pale lilipobonyea, nikisubiri liinuke.

Halikuinuka.