Pini Mdomoni

Mama mshonaji alirudi nyumbani jioni akiwa hoi bin taabani. Tangu asubuhi alikuwa kiwandani, akipachika mifuko ya suruali. Na hapo nyumbani bado gauni la jirani lilimsubiri apige upindo.

Binti yake wa darasa la tatu alikuwa amekaa mkekani, amekodolea macho daftari la hesabu.

"Mama, sijui."

"Ya ngapi?"

"Zote."

Mama akashusha pumzi. "Ya kwanza andika thelathini na mbili. Ya pili kumi na nane. Haraka, mwanangu, nimechoka."

Mtoto akaandika. Ndivyo walivyoishi kila jioni, na nyumba ikawa na amani. Amani ya uongo, lakini mama alikuwa amechoka mno kuikagua.

Jirani mwenye gauni alikuwa mwalimu. Alikuwa mlangoni, na yote aliyasikia.

"Karibu, dada," mama akasema. "Huyu shuleni wanataka arudie darasa. Nyumbani anapata zote, kwenye mtihani anaambulia mbili. Sasa hataki hata shule."

"Kichwa changu kibovu," binti akasema bila kuinua uso.

Maneno hayo yalimuuma mama kuliko mgongo wake.

"Kichwa chako kizima," mwalimu akamjibu. Kisha akamgeukia mama. "Anayepata zote ni wewe, dada. Hongera, darasa la tatu unalimudu!"

Mama hakucheka.

"Ukimtajia jibu, anaona humwamini," mwalimu akaendelea. "Mtoto atapendaje kitu ambacho hajawahi kukiweza mwenyewe? Mpe maswali mawili tu. Muulize ameanzia wapi. Akikosea, usikunje uso. Akijaribu, msifu kwa alichofanya."

"Nguvu ya kukaa naye niitoe wapi?"

"Kaa na kazi yako. Wewe nyamaza tu."

"Kunyamaza! Hiyo ndiyo kazi yenyewe!"

Mwalimu akaangalia kopo la pini. "Ukishona si unabana pini mdomoni? Basi, zibane wakati wa hesabu."

Kesho yake mama akabana pini tatu, akashika sketi.

"Sita mara nne ni thelathini," binti akasema.

Ulimi ulimwasha mama. Akasukuma boksi la vifungo mbele ya mtoto. Binti akapanga sita, sita, sita, sita. Akahesabu, akakosea, akalia. Mama naye alitamani kulia. Siku hiyo walimaliza swali moja.

Wakaendelea hivyo kila jioni, na katika mtihani uliofuata binti alipata kumi na moja kati ya ishirini. Zote zake mwenyewe. Habari ya kurudia darasa ikaisha.

Jioni moja mama alirudi amechoka kuliko kawaida. Alimkuta binti mkekani, vifungo vimetapakaa. Akasahau kubana pini.

"Saba mara nane? Andika hamsini na..."

"Mama! Usiniambie!" Binti aliziba masikio kwa mikono yote miwili. "Niache, naipata!"