Marika Ajituma Mwenyewe

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema watu. Marika Balog aliinama miaka miwili mpaka kiuno kikamuuma, na mvunguni hamkuwa na kitu. Alichokitaka kilikuwa juu ya meza, mbele ya macho ya wote. Alitakiwa kusimama tu.

Marika alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, mjini Toledo. Kazi ilikuwa ya halali, lakini haikuwa na ngazi ya kupanda. Alitaka ufundi wa mjomba wake Zoltan.

Mjomba Zoltan alikuwa fundi wa kuvika mabomba. Bomba la mvuke huvikwa gamba nene liitwalo kihami, joto lisitoroke. La maji baridi nalo huvikwa, lisipate joto. Babu yake Marika alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo. Babu aliingizwa katika chama cha mafundi na shemeji yake, kisha yeye akamwingiza Zoltan. Katika familia yao hakuna aliyewahi kubisha hodi mwenyewe.

Kila Jumapili mjomba alikuja kula, na kila Jumapili Marika aliuliza.

"Subiri, mwanangu," mjomba alimjibu. "Nitasema na Hollis wa ofisi ya chama. Hollis ndiye mwenye funguo."

Marika akasubiri. Msimu wa fomu za chama ukapita. Mwaka wa pili ukapita vilevile.

Siku moja ya Julai, Bi Odessa Pruitt alikuja kurudisha sufuria. Alikuwa amehamia nyumba ya pili wakati wa baridi. Alimkuta Marika na mama yake, Margit, katika chumba cha chini ya nyumba, Margit akikamua vitambaa juu ya ndoo.

"Margit! Nani kalifunga bomba hili matambara? Limevunjika mguu?"

"Linavuja," alisema Margit. "Marika ndiye kalifunga."

Bi Odessa akafungua vitambaa, akalipangusa bomba likakauka. Wakangoja. Punde matone madogo yakatokea bomba zima, juu na chini.

"Halivuji. Linatoka jasho," alisema. "Hewa ya Julai ina unyevu. Ikigusa bomba baridi, unyevu unageuka maji. Kitambaa kinapitisha hewa, halafu kinayanywa maji yote. Marika, umelivisha bomba nepi!"

Margit alicheka mpaka akaegemea ukuta. Marika hakucheka.

"Sasa lifanyweje?"

"Livike kihami kinachobana. Kila mshono uuzibe, hewa isipate hata tundu la sindano. Ukiacha upenyo, jasho litarudi kwa ndani, na hutaliona mpaka bomba lioze kwa kutu."

"Umejuaje haya, Bi Odessa?"

"Nimevika mabomba miaka ishirini na miwili. Ulidhani yale mabuti ya alfajiri nakwenda nayo kanisani?"

"Mimi pia nataka kazi hiyo. Mjomba ananisemea kwa Hollis."

"Hollis yupi? Yule mwenye mguu mbovu? Mwanangu, Hollis kastaafu mwaka wa nne huu. Yuko Florida, anavua samaki."

Maji yalidondoka kwenye ndoo.

"Kwa hiyo nani anaingiza watu?" aliuliza Marika.

"Fomu ndiyo inaingiza watu. Hapa kwetu inatoka Jumatatu, na baada ya wiki mbili wanafunga mpaka mwaka ujao. Uwe umefika miaka kumi na minane. Uwe na cheti cha sekondari na leseni ya udereva. Utafanya mtihani wa hesabu, utapimwa dawa za kulevya, kisha usaili. Chama kingine kina taratibu nyingine. Kwa hiyo uliza ofisini, usiulize kwenye meza ya chakula."

"Na ada?"

"Mwanagenzi analipwa. Unafanya kazi chini ya fundi, na darasani unakwenda kwa zamu. Ni miaka minne, mitano. Kila ukipanda, mshahara nao unapanda."

"Na lile vumbi lililomuua babu?" aliuliza Margit. Sasa hakuwa akicheka.

"Hilo ni la asbesto, madini yaliyotiwa kwenye vihami vya enzi hizo. Majengo ya zamani bado yanalo. Marika, nisikilize: ukikuta kihami cha zamani usichokijua, usikikate. Simama, uliza. Na barakoa unaivaa, hata fundi mkubwa akikucheka."

Jumatatu Marika alikuwa mlangoni pa chama kabla ofisi haijafunguliwa, akachukua fomu, akaijaza. Kwa muda wa jioni kumi na mbili, Bi Odessa alimfundisha kupima kwa utepe, nusu ya inchi, robo, sehemu ya nane. Walipima ngazi, walipima jiko, wakampima na paka. Mtihani akaufaulu.

Kwenye usaili aliwakuta watu watatu.

"Nani kakuleta?" aliuliza mmoja.

"Nimeletwa na basi."

"Namaanisha, nani kakutuma?"

"Nimejituma."

Wakamuuliza kihami kina kazi gani. Marika akawasimulia habari ya bomba na nepi, na sababu ya kuziba kila mshono. Yule wa katikati alicheka, kisha akaandika kwa muda mrefu.

Mwezi wa Agosti barua ikaja: amekubaliwa, aanze Septemba. Marika akanunua kihami, akalivika bomba la nyumbani, akaziba mishono yote. Ndoo ikarudi kuwa ndoo ya kudekia.

Jumapili iliyofuata mjomba Zoltan aliingia bila salamu, akaketi mezani.

"Wenzangu wananicheka! 'Zoltan, mpwa wako kaingia peke yake, wewe ulikuwa wapi?' Ungeningoja, Marika. Umenivunjia heshima. Niombe radhi."

"Mjomba, ulijua Hollis kastaafu?"

Mjomba alikoroga supu yake. "Nilikuwa natafuta mtu mwingine."

"Miaka miwili?"

"Marika," mama yake alinong'ona, "sema samahani tu, chakula kinapoa."

Marika alimwongezea mjomba majani ya kabichi yaliyofungiwa nyama, mawili makubwa.

"Kula, mjomba. Nakupenda, na tukikutana kazini nitakuamkia mbele ya wote. Lakini radhi siombi."