Pikapu Iliyogoma Mbele ya Choteni

Gyem Lham aliamka na hasira ya jana. Aliwasha jiko, akachemsha chai ya siagi, akapika pilipili kwa jibini. Kila sufuria aliitua kwa kishindo.

"Sufuria zimekukosea nini?" mama yake aliuliza.

"Hazijanikosea, mama. Ndiyo maana bado nzima."

Karibu na jiko aliketi Mjomba Phub, akikunja tambuu. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, na katika nyumba ile neno lake lilikuwa zito.

"Leo utapeleka magunia ishirini ya viazi mnadani," alisema. "Mimi nitakaa kando yako. Pikapu ikigoma tena pale kwenye mnara wa choteni, ufunguo utampa binamu yako Rinzin."

"Rinzin! Hajui hata kurudi nyuma bila kugonga zizi."

"Lakini choteni haimkatai."

Hapo ndipo palipouma. Gyem alikuwa dereva wa nyumba ile kwa miaka miwili. Alijifunza mwenyewe, akafaulu mtihani mara ya kwanza. Hakuna kazi aliyoipenda kama ile.

Lakini tangu mvua ziharibu njia ya shambani, pikapu ilikuwa na kisirani. Kwenye tope ilipanda vizuri. Taabu ilianza juu, pale njia inapokutana na lami mpya. Hapo ilisimama choteni, mnara mweupe wa baraka. Kila dereva aliyeteremka mnadani aliuzunguka kwanza mara tatu, akiuweka mkono wa kulia. Magari ya wenzake yalizunguka taratibu kama ng'ombe wanaopura nafaka. La Gyem lilitetemeka na kurukaruka. Tairi zililia. Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Jana mambo yalizidi. Kwenye kona kali chini ya choteni, Gyem alikata usukani lakini pua ya gari ikaenda mbele tu. Lilisimama hatua mbili kutoka ukingo wa bonde.

Wanakijiji walinong'ona. Mjomba hakunong'ona. Alisema waziwazi kwamba Gyem ana mkosi. Aende hekaluni, awashe taa mia za siagi, aombe radhi.

Walipopakia viazi, Mjomba alipanda garini. Kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya safari, alivuta kijiti kifupi kilicho kando ya kijiti cha gia, kile kinachofanya injini isukume magurudumu yote manne.

"Magurudumu manne ni nguvu," alisema. "Hiki kisiguswe mpaka mnadani. Unanisikia?"

"Umeniambia tangu mvua ya kwanza, mjomba. Nimekusikia mpaka masikio yameota sugu."

Walipanda tope bila shida. Walipofika kwenye lami, jua lilikuwa limeshaikausha. Gyem alianza kuzunguka choteni. Gari likatetemeka, likaruka, tairi zikalia. Wanawake waliokuwa wakitembea na tasbihi zao walisimama kutazama.

"Mmeona?" Mjomba aliwaambia kupitia dirisha. "Imemkataa! Shuka, Gyem. Lete ufunguo."

Gyem alizima gari.

"Choteni haishiki usukani, mjomba!" alipaza sauti. "Jana nusura nife pale chini, na wewe unahesabu taa za siagi! Gari ni chuma. Chuma kikilia, kina sababu!"

"Ni kweli," sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa Namgay, mwanamke aliyeendesha greda la kutengeneza barabara. Alikuwa akinywa chai kando ya mtambo wake. Aliinama dirishani, akatazama vijiti, kisha akacheka bila furaha.

"Nani kaacha magurudumu manne kwenye lami kavu?"

Gyem alimtazama mjomba wake. Mjomba alitazama viazi.

"Shuka, mdogo wangu," Namgay alisema. "Tazama alama hizi za tope ulizoacha. Alama za mbele hazikupita pale zilipopita za nyuma. Ukikata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu zaidi. Kijiti kile kinafunga mbele na nyuma vizunguke sawasawa. Kwenye tope, tairi huteleza kidogo, vyuma vikapumua. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza. Basi vyuma vinajisokota kama nguo inayokamuliwa. Mwisho kitu kinavunjika, au gari linakataa kona."

"Kama jana," Gyem alisema.

"Kama jana. Shukuru kwamba upo hai. Haya, toa kijiti."

Gyem alikisukuma. Kiligoma.

"Usikilazimishe. Nyoosha usukani, rudi nyuma polepole."

Gyem alirudi nyuma hatua chache. *Tang!* Kitu kililia chini ya gari, na kijiti kikatoka chenyewe kama jino bovu. Namgay akachuchumaa, akafungua kwa mkono vifungo viwili vilivyo kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele, kimoja kila upande.

"Hivi lazima vifanane, kulia na kushoto. Sasa zunguka."

Gyem alizunguka mara tatu. Gari halikutoa hata kikohozi. Wanawake wenye tasbihi walipiga makofi. Mmoja alimwuliza Mjomba, "Taa mia utaziwasha wewe?"

"Na wakati wa kuingiza je?" Gyem aliuliza.

"Ingiza kabla ya tope, usingoje ukwame. Simama kabisa, funga vifungo vyote viwili. Usukani unyooke. Kanyaga klachi, vuta kijiti. Usiingize kamwe tairi zikiwa zinazunguka ovyo, utavunja meno ya gia. Ile gia nzito ya kupandia mlima polepole nayo iingize gari likiwa limesimama tu. Ukifika kwenye lami, toa. Na usidanganyike. Magurudumu manne yanakusaidia kwenda. Hayakusaidii kusimama. Kwenye mteremko, mwendo ni uleule wa pole."

Msimu wote Gyem alifanya hivyo. Viazi vyote vilifika mnadani. Tairi ziliacha kulika upande. Rinzin mwenyewe alikuja kuomba afundishwe, naye akamfundisha kuanzia kurudi nyuma.

Siku ya safari ya mwisho, familia ilikaa kula. Mjomba Phub alisafisha koo.

"Sawa. Kijiti lilikuwa kosa langu. Lakini ulinipigia kelele mbele za watu, mbele ya choteni. Mimi ni mjomba wako. Niombe radhi, yaishe."

Mama aliacha kutafuna.

Gyem alimjazia Mjomba kikombe chake kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka. Kisha akakaa.

"Chai nitakumiminia leo na kesho, mjomba. Ukiugua nitakubeba kwa pikapu hiyohiyo mpaka hospitali. Lakini nilipiga kelele kwa sababu nilikuwa nimekaribia kufa na hakuna aliyetazama chini ya gari. Siombi radhi. Kunywa, inapoa."