Mtafsiri Aliyetafuna Kahawa

Ma Alistidia aliangusha kijiko cha chai chini ya kochi, na mtafsiri wa muvi akasema, "Bibi kaangusha kijiko."

Wote wanne walicheka. Watafsiri wa muvi ndivyo walivyo: mwigizaji akisema maneno mawili, mtafsiri anaongeza kumi ya kwake, anamsalimia shemeji yake, anarudi kwenye hadithi na kukuta watu wameshakufa. Kemilembe alipomaliza kucheka ndipo akaitazama skrini. Hapakuwa na bibi pale, wala kijiko. Palikuwa na watu arobaini waliofungiwa kwenye ghorofa, wanachezeshwa michezo ya kitoto, na anayeshindwa anauawa.

Tamthilia hiyo ililetwa kwenye flashi na mumewe, Rwekaza. Pale mtaani kwao Hamugembe Rwekaza alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani alikemea "picha za dunia" mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nyumbani, Jumapili baada ya ibada, alifunga mapazia saa nane mchana na kusema, "Hii ni ya mafunzo, mama Joyness." Mafunzo ya nini, Kemilembe hakuuliza. Alikuwa mwalimu wa biolojia, mwenye shahada yake ukutani, na yeye pia alitaka kujua nani anakufa baadaye.

Ma Alistidia, mama yake Rwekaza, alikuwa amekuja kutoka Kishanda kutibiwa macho. Haoni skrini; anasikiliza tu. Kwake yeye ile sauti ilikuwa mtu aliyekaa sebuleni.

"Huyu kijana anaongea tangu mchana," alisema, "na hakuna aliyempa hata kahawa? Mnaishije huku mjini?"

Akafungua kikapu chake kidogo cha akamwani, ile kahawa iliyochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa, ambayo Mhaya humpa mgeni atafune kabla hajamuuliza shida yake. Binti yao Joyness, mwenye miaka kumi na mmoja, alimwongoza bibi yake kwa mkono hadi mbele ya televisheni. Bibi akaweka punje kiganja kizima.

"Karibu waitu," alisema, kwa heshima ya Kihaya.

"Asante, Mama," alisema mtafsiri. Kwenye skrini mtu alikuwa akipewa maji. Wakacheka tena.

Asubuhi Kemilembe alikuta maganda. Yalikuwa yametafunwa, yangali na mate, yamepangwa mstari mbele ya televisheni. Palinuka akamwani, na chini yake harufu ya nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni.

"Panya," alisema Rwekaza.

"Panya anatema maganda?"

"Usianze, mama Joyness."

Jumapili iliyofuata mvua ilipiga bati mpaka Rwekaza akaongeza sauti ya televisheni hadi mwisho. Mchezo wa siku hiyo ulikuwa wa kunyamaza: anayesema kwanza ametoka. Wachezaji walikaa chini wamefumba midomo, na picha ikakaa hivyo, dakika moja, dakika mbili, mpaka Kemilembe akadhani flashi imekwama. Kisha mmoja akageuza shingo akatazama sebuleni, na mwingine, na mwingine, hadi wote wakawa wanawatazama wao wanne waliokaa kwenye makochi, na ile harufu ya nguo mbichi ikapanda kutoka kwenye zulia ikawajaa puani na kooni, na mtafsiri, ambaye siku zote hupayuka, akasema taratibu kama mtu anayezungumza karibu na mgonjwa kwamba leo wachezaji wako Hamugembe, wako wanne, sheria wanaijua.

"Baba," Joyness alinong'ona, "anatusema sisi?"

"Joyness ametoka," alisema mtafsiri. Alisema hivyo kwa sauti ya Joyness.

Kemilembe alichomoa flashi, akachomoa na waya ukutani. Picha ilizimika. Sauti haikuzimika. Na mtoto alikuwa amefungua mdomo wote, analia, na haukutoka hata mlio.

Daktari alimulika koo lake akasema ni zima kabisa. Wiki nzima televisheni isiyo na umeme ilitangaza mambo ya nyumba kwa sauti ya mtoto wao: "Mama anamenya ndizi. Mama amejikata. Mama analia." Joyness alikaa mbele yake, anajisikiliza.

"Tuseme ni mafua ya koo," alisema Rwekaza. Jumapili inayokuja alikuwa ahubiri, kisha apigiwe kura ya uenyekiti wa wazee wa kanisa. Akaifunika televisheni kwa kitambaa cha meza.

Jumatano waumini wakaja nyumbani kwa maombi. Hapo televisheni ikakaa kimya, kwa adabu. Rwekaza akamsimamisha binti yake katikati ya sebule.

"Ndugu zangu, sitaficha. Mtoto huyu alileta picha za dunia kwa siri, kutoka kwa wenzake shuleni. Bwana amemfunga kinywa."

Joyness alitikisa kichwa. Alimnyooshea baba yake kidole, mdomo ukifunguka na kufumba kama wa sato aliyetolewa ziwani.

"Tubu, mwanangu," walimwambia akina mama.

"Rwekaza," Kemilembe alisimama, "waambie ni nani aliyeleta hiyo flashi."

"Mama yake ana uchungu," alisema Rwekaza kwa upole. "Tumwombee na yeye."

Wakamwombea. Walimwekea mikono kichwani, na chini ya mikono hiyo yote Kemilembe alitetemeka kwa hasira, na wao wakadhani ni Roho.

Alfajiri ya Alhamisi alipanda basi la Muleba, akashukia Kishanda. Ma Celina wa huko, ambaye watu humwendea kwa mambo yasiyopelekwa hospitali, alikuwa anaanika kahawa kwenye mkeka, rozari shingoni. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Mlimpa akamwani?"

"Mama mkwe alimpa."

"Basi huyo si mwizi, ni mgeni. Jini akishatafuna kahawa yenu hafukuzwi, hata mkimwaga pipa la maji ya baraka. Anaagwa. Na nani kwetu anamuaga mgeni mikono mitupu?"

"Ameshika sauti ya mwanangu."

"Ndicho kifurushi chake. Mfungieni kingine, hicho atakiacha. Sauti kwa sauti."

"Ya nani?"

"Ya mtu wa nyumba hiyo. Itajwe kwa jina, ataisikia." Ma Celina aligeuza kahawa yake. "Mimi sijakwambia ya nani."

Ijumaa alasiri Kemilembe aliondoa kitambaa kwenye televisheni, akamgeukia mumewe.

"Wewe ndiye uliyemleta. Toa yako."

"Jumapili nahubiri!"

"Mtoto wako ni bubu, Rwekaza."

"Wewe ndiye mama," alisema. "Mambo haya ni ya mama." Akaingia chumbani akafunga kwa ufunguo, akaanza kusali kwa nguvu, majirani wasikie.

"Mwana wange, toa yangu," alisema Ma Alistidia. "Ni mimi niliyemkaribisha."

"Ya bibi imechakaa," ilijibu televisheni kwa sauti ya Joyness.

Ikabaki yake mwenyewe. Kemilembe alipiga magoti kwenye zulia, akavuta pumzi ili ajitaje jina, ile harufu ikamwingia mpaka tumboni, na Joyness akamshika nguo kwa nyuma akimvuta kwa nguvu zote. Na kupitia mlango wa chumbani ile sala ikazidi kupanda, nzuri, laini, imepangwa kama ya mimbarini, ikimwomba Mungu arehemu nyumba hii, amsamehe mtoto huyu aliyeingiza uovu kwa siri, amsamehe na mama yake aliyemlea vibaya.

Kemilembe aliiachia ile pumzi. Akainuka, akajifuta magoti.

"Safari njema waitu," alisema. "Chukua ya Rwekaza."

Mlango wa mbele ulifunguka wenyewe, ukajifunga. Chumbani sala ilikatika katikati ya neno.

"Mama," alisema Joyness.

Ngumi zikaanza kupiga mlango wa chumbani kwa ndani, nyingi, bila mpangilio. Ma Alistidia alitega sikio huku na huku.

"Rwekaza? Mwana wange, mbona hujibu? Mkamwana, umetaja jina la nani?"

Kemilembe akamgeukia Joyness. Alimshika binti yake mashavu kwa mikono miwili.

"Sema tena," alimwambia.