Kipande cha Tisa

Kipande cha nane kilikaa mahali pake, na bado pakabaki pengo.

Usicheke. Kama unamjua Chausiku, yule anayeshona karibu na wauza mawese kwenye soko la Rumonge, basi unajua kitambaa hakina ubavu wa kumbishia. Huyo mama alimshonea mke wa mkubwa mmoja gauni kwa kumtazama tu akipita barabarani, hakumzungushia metre hata kiunoni, na gauni likamkaa kama alizaliwa nalo. Ukimuuliza atakusimulia. Usipomuuliza atakusimulia vilevile, tena mara mbili. Sasa bingwa huyo alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka sebuleni kwake, saa nane za mchana, jasho linamtiririka, anazozana na viraka kama anazozana na mke mwenza.

Kazi yenyewe ilikuwa shuka la mjukuu. Kwao, mtoto wa kwanza wa binti akitimiza siku arobaini hutolewa nje akiwa amefungwa shuka la viraka, na kila kiraka kimekatwa kwenye kitenge cha mwanamke aliyezaa: shangazi, mama mdogo, jirani wa kuaminika. Anayetoa kiraka anakuwa mama wa huyo mtoto. Mama mmoja akikosa maziwa, mwingine atanyonyesha. Viraka hukatwa virefu, vyembamba upande mmoja na vipana upande wa pili, kama vipande vya papai, halafu hushonwa vikizunguka mpaka duara lifunge.

Duara la Chausiku halikufunga. Wanawake wanane, viraka vinane, vyote vimekatwa kwa karatasi moja. Na hapo mbele yake pengo la kiraka kizima.

Akachora karatasi pana zaidi, akakata upya kwenye vitambaa vilivyobaki. Akapanga. Pengo. Akapanua tena, mpaka viraka vikawa vipana kama mapezi ya samaki mukeke mkubwa. Pengo lilikuwa palepale, na lenyewe lilikuwa limepanuka kwa kipimo kilekile.

"Raisa! Nani amechezea vitambaa vyangu?"

Binti yake alijibu kutoka chumba cha pili, alikolala na mtoto wake Mariam, siku ya thelathini na moja tangu amzae. "Mama, mimi hata mkasi wako nauogopa. Punguza sauti, mutoto iko analala."

Generoza, jirani, aliingia na kibuyu cha mafuta kichwani. Alikulia Tanzania ukimbizini, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kama rula, na Chausiku hakuacha kumtania kwacho. Leo zamu ya kutaniwa ilimgeukia Chausiku.

"Yoo! Fundi mkuu wa tarafa nzima ameshindwa na vitambaa vya mtoto?"

"Sijashindwa. Napumzika."

"Umepumzika na chaki puani." Generoza alitua kibuyu, akachungulia mfuko wa vitambaa, akatia mkono. "Sasa hiki si ndicho kinachokosekana? Kipo chini huku."

Akakitoa. Kilikuwa kitambaa cheusi chenye ubuluu kwa mbali, kimefumwa kizamani, pembeni hakina chapa ya kiwanda wala maandishi. Kilikuwa na unyevu. Kilinuka matope ya ziwani, na chini ya matope, kwa mbali sana, kilinuka udi.

"Cha nani?" Chausiku aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Uliwaomba wewe. Nasikia kwenu mnapita mlango kwa mlango, mnamwita mtu kwa jina lake na la mwanawe. Kwangu hukupita. Mimi nilileta tu niliposikia."

Hapo Chausiku akakohoa kidogo. Magoti yalimuuma wiki ile, na kusema kweli kiburi nacho kilimuuma. Aone taabu ya kuzunguka mitaa ya nini, wakati Rumonge nzima inamjua? Alikwenda ufukweni, pale wanawake wanapofulia karibu na mchanga wa kuanikia samaki wadogo wa ndagala, akapanda juu ya jiwe, akapaza sauti: Kila aliyezaa na aje kuwa mama wa mjukuu wangu! Leteni viraka! Wanawake wakacheka, wakapiga vigelegele.

"Uliita saa ngapi?" Generoza aliuliza.

"Jua lilikuwa utosini."

"Ukiwa umeelekea wapi?"

Chausiku alifikiri. Wanawake walikuwa mchangani, nyuma yake. Yeye, kwa kutaka sauti yake irudi kubwa, alikuwa ameelekea majini.

Generoza alifuta mkono wake kwenye sketi, polepole, kisha akaufuta tena.

Chausiku alikichukua kile kitambaa kwa ncha ya mkasi, akakitupa uani, juani. Saa ileile mtoto akaamka akilia. Raisa akampa titi. Mtoto akageuza uso ukutani.

Alilia mchana ule na kesho yake yote. Maziwa ya Raisa yalijaa mpaka matiti yakawa magumu kama mawe, yakadondoka yenyewe kwenye nguo, na Mariam akitiwa titi mdomoni alilitema kama mtu aliyepewa shubiri. Kitambaa kule uani hakikukauka. Jua lile la Rumonge linalokausha ndagala kabla hujamaliza chai, lilikipiga siku mbili, na chini yake udongo ukazidi kulowa.

Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, kilio kilikatika.

Raisa alikuwa bafuni nyuma ya nyumba. Chausiku alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, akasikia kimya kile akashukuru, na kabla hajamaliza kushukuru akasikia mwanamke anaguna wimbo ndani ya chumba, wimbo usio na maneno, wa puani, wa mtu anayembembeleza mtoto wake mwenyewe, na katikati ya wimbo sauti nyingine ndogo ya kunyonya, ya kunyonya kwa pupa, ya mtoto aliyekuwa na njaa ya siku mbili. Akainuka bila kujua ameinuka, akasogeza pazia, akaona Mariam yuko peke yake kitandani, macho yamefumbwa, midomo imelowa maziwa, chini ya kichwa chake kimetandikwa kile kitambaa cheusi, na ubavuni mwake godoro limebonyea, shimo refu la mtu mzima aliyelala kwa ubavu, bega, nyonga, goti, na Chausiku akiwa amesimama palepale pazia mkononi, godoro likaanza kuinuka taratibu, kwanza bega, kisha nyonga, kama mtu anavyojiondoa kwa uangalifu asimwamshe mtoto, na ile harufu ya matope na udi ikampita begani ikaelekea mlangoni.

Chausiku alimnyakua mtoto, akatoka naye uani, akaagiza aitwe mganga.

Mzee Hamissi aliletwa kutoka Kigwena, mganga anayeandika kombe kwa zafarani na ambaye, hata mimi sibishi, amewatoa pepo wengi. Aliwasha makaa, akatia ubani, akasoma. Moshi ulikwenda mpaka kitandani, ukazunguka kitu ambacho hakikuonekana, ukapanda juu. Mzee akaacha kusoma.

"Mama Raisa," alisema kwa sauti ya chini, "huyu aliingiaje?"

Chausiku akamweleza. Jiwe. Jua. Kila aliyezaa.

Mzee akaanza kufunga mkoba wake.

"Unafunga nini, baba? Hujamtoa!"

"Jini aliyeruka ukuta namrudisha kwa sikio. Huyu hakuruka ukuta. Aliitwa, akaja na zawadi mkononi, mkaitia mfukoni. Nimfukuze kwa kosa lipi?"

"Mwambie nilikosea."

"Ukimwambia mgeni ulikosea kumwalika, anafanya nini?"

"Basi anichukue mimi!"

"Wewe hakukutaka, mama. Hukumwita akuuguze. Ulimwita awe mama, na mama anataka mtoto." Akasita mlangoni. "Ungekuwa umemwita kwa jina, ningelishika hilo jina nikambembeleza. Lakini uliita wote. Mrudishieni kitambaa chake. Ikishindikana, msinitafute."

Chausiku alikirudisha. Alikifunga kwenye jiwe kwa uzi wa kushonea suruali, akaingia majini mpaka kiunoni, mbele ya lile jiwe alilolipanda, akakiachia. "Samahani, mwenzangu," alisema. "Tumetosha." Maji yalikuwa matulivu. Kilizama kama kinavyozama kitu chochote.

Siku nne Mariam hakunyonya. Si kwa Raisa, si kwa Generoza aliyekuwa na mtoto mchanga wake, si kwa kijiko. Kituo cha afya walimpa maji kwa mrija, akapata nguvu za kulia tena, basi. Utosi ulibonyea. Ngozi ya mapaja ikalegea. Baba yake alikuwa Uvira, anapiga simu kila jioni anataka kusikia sauti ya mwanawe, na Raisa alikuwa akimsogezea simu mdomoni, na siku za mwisho hakukuwa na sauti ya kusikia.

Siku ya thelathini na tisa Raisa alikaa chini, mtoto mapajani.

"Mama, kakichukue."

"Raisa, unajua unachosema?"

"Anakufa, mama. Yule anamshibisha. Mimi simshibishi. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Chausiku akajifunga kitenge kiunoni. Akaenda ufukweni, jua utosini. Wafuaji walikuwa wameshaondoka. Juu ya jiwe lile kitambaa kilikuwa kimetandazwa, kimenyooshwa vizuri kwa viganja, na kilikuwa kimeshakatwa. Chembamba upande mmoja, kipana upande wa pili. Hakuna mtu aliyekuwa na ile karatasi ya kukatia viraka isipokuwa yeye.

Alishona mchana ule ule, mlango wazi, Generoza ameketi kizingitini anasali kwa Kirundi na hakuthubutu kuingia. Cha tisa kiliteleza kwenye pengo kama samaki majini. Hakikuhitaji pini. Alipopitisha sindano mshono wa mwisho duara likafunga, na kutoka chumbani, ambako Raisa alikuwa amemlaza mtoto na kutoka kama alivyoagizwa na moyo wake, wakasikia wote watatu ile sauti ndogo, ya kunyonya kwa pupa. Raisa akaziba masikio. Halafu akayazibua, akasikiliza mpaka mwisho, kuhakikisha mwanawe ameshiba.

Arobaini ilifana. Mariam alitolewa nje ndani ya shuka lake la viraka tisa, vigelegele mpaka barabara kubwa, watu wakisema mashallah, mutoto ananenepa huyu, Chausiku, mnampa nini? Na wakasifu shuka. Walisema hawajaona mshono uliokutana vile. Chausiku, kwa mara ya kwanza tangu awe fundi, hakusema ni kazi yake.

Mtoto anatambaa sasa. Mzima wa afya, mashavu mawili kama mandazi. Ukimwondoa kwenye shuka hulia mpaka hupoteza pumzi. Ukimrudisha anatabasamu, macho yanatazama juu kidogo, pale uso wa mtu aliyemwinamia ungekuwa. Maziwa ya Raisa yalikauka bila kunyonywa tena.

Juzi Chausiku alimkuta binti yake amesimama mlangoni mwa chumba, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuamkia nyumba ya wenyewe. Mtoto alikuwa kitandani anacheka na hewa, na godoro ubavuni mwake lilikuwa limebonyea.

"Mama," Raisa alinong'ona, "nikitaka kumshika kidogo, namwomba nani?"