Aliyeomba Kuhama

Haya niliambiwa na jirani yangu Darmi, hapa Garsen. Kwenye simu ana mchezo wa kijiji. Mkazi akiomba kuhama, mchezaji humruhusu au humkatalia. Mkazi mmoja Darmi alimpa jina la mama mkwe wake, Abdia. Jioni moja Abdia wa mchezo akaomba kuhama.

"Nenda, mama, utupumzishe," Darmi akacheka, akabonyeza kumruhusu.

Nje gizani akasikia kamba za mikeka zikifunguliwa, kama wanawake wa Kiorma wanavyovunja nyumba zao za mikeka siku ya kuhama. Nyumba ya mkwewe ilikuwa imesimama vilevile. Mama mkwe mwenyewe hajaonekana tena.

"Sasa anayeomba ni yule niliyemwita Idris, kama mwanao," Darmi aliniambia. "Namkatalia, shoga, lakini nitachoka."

Asubuhi nilimfunga Idris mgongoni kwa leso, nikakaza mafundo mawili. Njiani nikasikia moja likifunguka.